Sifa Tele, Komenti Hakuna

Fundi wangu Okelo,

Nakuandikia barua usiku huu, na usinicheke. Kesho boti ya Mama Akinyi inaingia majini hapa kisiwani Rusinga. Ndiyo ya kwanza kuiunda peke yangu tangu tukuzike, na wanawe watatu ndio watakaoivulia. Naogopa, Fundi.

Mengi yamebadilika. Upepo uling'oa bati la kibanda, mkeo amehamia Mbita kuuza dagaa wa omena, na mimi mwanafunzi wa juzi naitwa fundi. Kila apitaye anasifu: boti safi, mikono ya Okelo hiyo! Komenti sijapata hata moja.

Siku hizi neno hilo liko kila mahali. Liko kwenye simu, liko matangani, na kanisani mtu husimama akisema ana komenti ndogo, mkakaa mpaka njaa iwaume. Shuleni tuliambiwa Kiswahili chake ni maoni. Sikubali. Maoni huombwa, komenti hujileta yenyewe. Yako ilikuja ukipuliza chai pale kwenye benchi lako, hata hunitazami: "Omera, ndugu yangu, huo ubao unakohoa." Nikikuuliza vipi, unajibu, "Ah, ni komenti tu." Mgeni angedhani ni mzaha. Mimi nilikuwa nimeshashika nyundo, maana ubao uliousema hivyo haukukosa ufa.

Jana niligonga ubao wa chini, upande wa kushoto. Sauti yake sikuipenda. Nikageuka kukutazama, Fundi. Kweli niligeuka! Benchi lilikuwa tupu. Nikamwita jirani, naye akagonga, akasema uko sawa kabisa, akaanza kusifu rangi.

Mama Akinyi ameshamwalika pasta na kununua soda. Nikisema boti haiko tayari, kisiwa kizima kitasema mwanafunzi wa Okelo hajui kazi. Nikinyamaza, vijana watatu watakwenda ziwani juu ya ubao ule. Sina uhakika kama ni mbovu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba sasa hakuna wa kuniambia.

Pumzika, baba. Nakuahidi, kesho kabla pasta hajafika nitakuwa nimeung'oa ubao ule. Watakuta boti ina tundu, na waseme watakavyo. Heri nikose jina kuliko nimzike mtoto wa Mama Akinyi.

Mwanafunzi wako,
Otieno