Mwanamke Anayecheka Kitambaani

Mpendwa Baba Nduta,

Barua hii naiandika wazi, kwa sababu itafunguliwa hata nikiifunga. Basi kwanza namsalimu bwana atakayeisoma kabla yako. Asiwe na wasiwasi, humu hamna siri, mna habari za sinema tu. Nimeandika kwa Kiswahili ili asihangaike kutafuta mkalimani, na pia kwa sababu ndicho nilichojifunza kusoma peke yangu, kwenye magazeti ya kufungia sukari, wewe ukinicheka kwamba najifanya karani.

Sisi tu wazima. Nduta ameng'oka meno ya mbele na anapiga mbinja mahali penye pengo. Mama yako, ambaye sasa kijiji kizima kinamwita Cucu, anakohoa, lakini anasema kikohozi ni chake na asiulizwe. Kilimambogo bado kipo. Nakiona kila asubuhi juu ya ile miti iliyochongwa ncha, ya handaki linalozunguka kijiji. Kukitazama hakuhitaji pasi ya kutoka kijijini.

Sasa niseme lililonifanya nitafute kalamu. Ndung'u seremala, yule wa upande wa Kalimoni, ameachiliwa kutoka kizuizini huko uliko. Alipita hapa kumwona dada yake, akaniita kando ya ua.

"Mama Nduta, tulikuona."

"Mliniona wapi, na mimi hata stesheni ya Ruiru sijafika mwaka mzima?"

"Kwa sinema. Walituletea ile ya vijiji vipya. Ukatokea ukicheka, meno yote nje."

Nikamuuliza wewe ulifanya nini. Akachorachora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema, "Alikuwa ameketi mbele yangu. Aliinama. Mabega yakatingishika. Tukamwacha. Mwanamume akilia, hutazami."

Tangu hapo sijapata neno kutoka kwako, na wewe hukuwa mtu wa kukosa kuandika, hata kama ni kusema tu kwamba chakula ni kilekile. Kwa hiyo nataka nikueleze kicheko kile. Lakini mwenye kueleza kicheko huanzia mbali, ndiyo maana nitakupitisha kwanza katika sinema zote za mwaka.

Gari la sinema limekuja hapa mara nyingi kuliko padri. Likija, homgadi, askari wa kulinda kijiji, hupita nyumba kwa nyumba akipiga firimbi, na kila mtu hutoka, mgonjwa kwa mzima. Ndiyo jioni pekee tunayoruhusiwa kuwa nje giza likiingia, kwa hiyo hata wasiopenda picha hupenda nyota. Tunakaa chini mbele ya kitambaa cheupe cha picha, wanawake huku, wazee kule, lango limefungwa nyuma yetu. Mkalimani hushika kipaza sauti na kutueleza tunachokiona, hata pale tunapokiona vizuri kuliko yeye.

Tulionyeshwa namna ya kuosha mtoto. Nesi wa kitambaani alimpaka mtoto sabuni, akamsuuza, akampaka tena, akamsuuza, akaanza mara ya tatu. Cucu akasema kwa sauti, "Huyo atammaliza." Homgadi akamnyamazisha. Cucu akamwambia, "Wewe nimekuosha mwenyewe, siku uliyozaliwa. Mara moja. Na angalia ulivyokua." Hilo kwangu lilikuwa zuri kuliko sinema yenyewe.

Nilipenda pia ile ya gwaride la Uingereza, si kwa sababu ya farasi, bali kwa sababu mvua ilinyesha. Huku kulikuwa kumekauka, mto umebaki mawe. Mvua ilipoanza kitambaani, wanawake wote walivuta shuka wakajifunika mabega. Nami nilijifunika. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Halafu wakaileta ile ya baiskeli. Unaikumbuka? Ile tuliyoiona mimi na wewe Thika, kabla ya Hali ya Hatari, kwenye uwanja karibu na mto Chania, tukiwa tumesimama tu kama watu waendao wapendako. Mlevi anaendesha baiskeli, anaanguka mtaroni, mke analia, mkalimani anasema pombe ni mbaya. Wewe ukauliza kwa sauti, "Na baiskeli ilienda wapi?" Watu wakaangua kicheko, maana ni kweli, baiskeli ilikuwa imepita peke yake upande wa pili na haikuonekana tena. Wewe mwenyewe uliinama kama kawaida yako, bila sauti, mabega yakiruka, kama mtu aliyeangusha sindano kati ya miguu yake. Ulinifanyia hivyo hata kanisani siku ya harusi yetu, shangazi yangu akadhani bwana harusi analilia uhuru wake. Njia nzima mpaka nyumbani kila tulipokaribia kunyamaza, mmoja alisema, "Lakini baiskeli?" na tukaanza upya.

Mwaka huu nilipoiona nilikuwa na hilo swali mdomoni, na sikuwa na wa kumpa.

Sasa nifike kwenye ile niliyoichukia.

Mwanzoni mwa mwaka walikuja watu wenye kamera. Walitaka mwanamke wa kubeba maji akitabasamu. Mkubwa wa kijiji akaninyooshea fimbo, akasema huyu ana meno mazuri. Nikapewa gauni la maua, la kuazima, na debe jipya linalong'aa. Nikatoa mkwa wangu, ukanda wa kubebea mizigo, nikaupitisha kwenye paji la uso, nikainama nipokee debe mgongoni, kama nilivyobeba maji tangu nikiwa mdogo kuliko Nduta. Mwenye kamera akasema hapana. Akaonyesha kichwa chake.

Mkalimani akasema, "Anataka uweke kichwani."

"Mwambie sisi si watu wa kubeba kichwani."

"Nimemwambia. Anasema mgongoni uso hauonekani."

Baba Nduta, wewe unanijua. Mimi debe la kichwani sijawahi kubeba. Mara ya kwanza lilimwagika lote kwenye gauni lao. Mara ya pili nusu ya maji iliingia kwenye kiatu cha mkalimani. Mara ya tatu wakaamua lisiwe na maji. Nikaambiwa nitembee na debe tupu, nishike kwa mkono mmoja, nitabasamu, nifikirie kitu cha kufurahisha. Wenzangu walikuwa wamepangwa nyuma wakiimba. Nikamsikia Mama Kamau akisema katikati ya wimbo, bila kubadilisha sauti, "Ngai, mtazameni, amekuwa bibi wa pwani."

Nikacheka. Hapo ndipo kamera ilipokuwa ikisubiri.

Gauni lilivuliwa jioni ileile. Debe pia walichukua. Kicheko hawakunirudishia. Kila gari linapokuja, kabla ya sinema nyingine, tunaonyeshwa hiyo ya kwetu: mizigo ikiingia langoni, watu wakichimba handaki, kisha mimi. Mkalimani anasema, "Maisha ya furaha na usalama." Mimi nakaa chini nikimtazama yule wa juu. Yeye hachoki. Na jambo linaloniuma, yeye hutembea bila pasi. Amefika Nakuru, amefika Mombasa, mpaka huko uliko ameingia na kutoka, wakati mimi niliomba ruhusa ya kwenda Ruiru kumnunulia Cucu dawa nikaambiwa ningoje. Tuko wanawake wawili, na aliyefungwa ni huyu asiyecheka.

Jioni moja mtambo uliharibika. Nasema hivi kwa masikitiko, bwana msomaji ajue. Fundi alikuwa akihangaika na vyuma vyake, mara picha ikaanza kurudi nyuma. Kwanza nilikuwa mimi. Kicheko kikajifunga, meno yakaingia ndani, uso ukawa uso wangu. Nikarudi kinyumenyume, debe likaondoka kichwani likaenda kwa mwenyewe. Kisha handaki. Udongo uliruka kutoka kwenye lundo ukaingia shimoni, sepetu baada ya sepetu, na shimo likajaa. Miti iliyochongwa ikachomoka yenyewe ikarudi mabegani mwa wanaume. Mwisho lango, na watu wote wakatoka kinyumenyume na mizigo yao, kuku, vitanda, watoto, wakaenda mpaka hapa petu pakabaki nyasi tupu na upepo.

Mkalimani alishika kipaza sauti akakosa la kutueleza.

Cucu akasema polepole, "Fundi, usiharakishe kutengeneza."

Walitengeneza. Udongo ukatoka tena shimoni, tukaingia tena langoni, nami nikacheka tena. Lakini ukiniuliza saa nzuri ya mwaka mzima, ni hiyo, na hakuna aliyetupangia.

Sasa turudi kwako na mabega yako. Majuma mengi niliyabeba maneno ya Ndung'u kama mzigo usio na mkwa. Nilijiambia, amemwona mkewe ana gauni jipya, amenawiri, anacheka naye hayupo. Nani asingelia? Nilikosa hata usingizi wa kuibaiba. Kisha juzi nikiwa mtoni nikaweka mkwa kwenye paji, na ule ukanda ulipokaa kwenye alama yake ya zamani, alama ambayo ulikuwa ukiipitisha kidole ukisema hapa ndipo ng'ombe wangu alipofungiwa kamba, nikasimama katikati ya maji. Nikawaza: Ndung'u ni mtu mzuri, lakini hajawahi kumwona Baba Nduta akicheka.

Wewe ungeniona na debe kichwani, nimeinua mkono kama mtu anayezuia kofia na upepo, ungeamini kweli kwamba lile ni debe la maji? Ungeamini chochote kilichobaki?

Basi naomba neno moja. Ikiwa ulilia, nimekueleza, na usilie tena, debe lilikuwa tupu. Ikiwa uliinama kwa ile sababu yako nyingine, usinieleze mengi, maana kalamu za huko ni chache na wasomaji ni wengi. Niulize tu baiskeli ilienda wapi. Bwana msomaji hatakosa kuruhusu swali la baiskeli.

Alhamisi gari linakuja tena. Firimbi ikilia nitatoka, nitakaa mbele ninapoamriwa, na nitamtazama yule mwanamke. Mpaka nipate jibu lako sitajua kama amekuumiza au amenifikishia salamu.

Cucu anasema ule. Nduta anakupigia mbinja.

Ni mimi mkeo, Mama Nduta,
yule wa chini ya kitambaa.