Mvivu wa Kuinama

4 Februari

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Habari za magoti, na habari za muuguzi wako anayekuficha chumvi? Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la makabati. Wamenipa ofisi yako ya zamani hapa kituo cha utafiti, ile ya mwisho wa korido. Dirisha halifungi hadi leo. Au uliondoka na komeo lake?

Juzi, kwenye kabati la chuma, nimekuta sanduku la bahasha za kaki, mia mbili na kumi na mbili, zenye majani makavu ya muhogo. Ni za mwaka ule wa mbegu yenye ugonjwa. Mwandiko ni wa Baba, nimeujua kwa ile g yenye mkia mrefu. Nusu zimeandikwa J na nusu C. J nadhani ni Jicho, jina mlilompa kwa kuwa aliona muhogo mgonjwa tangu akiwa barabarani. Lakini C ni nini?

Nataka kuyapima majani yote kwa mashine yetu mpya. Na ujue kwamba mwongozo wa kuchukua sampuli bado una ule mfano wa ukurasa wa tisa: mtumishi aliyechuma majani ya juu kwa kuwa alikuwa "mvivu wa kuinama", virusi vikapita bila kuonekana, pingili za kupanda zenye ugonjwa zikapelekwa vijijini. Wiki ijayo mimi ndiye nitakayewasomea watumishi wapya. Hawajui kwamba ni baba yangu. Nitasoma tu, nimeshazoea.

Mwanao


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamegoma. Moyo unafanya kazi nusu siku kama karani, na masikio yalistaafu kabla yangu, ndiyo maana kwenye simu nabaki nazungumza peke yangu kama kichaa. Afadhali barua. Muuguzi hajambo. Chumvi ameiweka juu ya kabati, anajua sifiki.

Kuhusu sanduku: J umepatia. C ni Chumba, yaani chumba cha vioo. Ni majani ya miche ya majaribio ambayo tuliiambukiza wenyewe kwa makusudi. Hayana faida kwako, yatakuchafulia majibu tu. Yachome.

Ule ukurasa wa tisa mwachie mwingine asome.

Baba Mdogo


2 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole na moyo. Mwambie uongeze saa za kazi.

Nimefanya ulivyosema. Bahasha za C zimeingia tanuri la taka jana asubuhi, mia moja na tano. Moja nimeibakiza kwa sababu ya mwandiko wa Baba tu. Sina karatasi yake nyingine yoyote. J nimeyapima: hakuna kitu, kama mlivyopata wakati ule.

Ukurasa wa tisa niliusoma. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Huyo mzembe alifungwa?" Darasa likacheka. Nikamwambia hapana, alifukuzwa tu.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima. Daktari alikuja, akazungumza na muuguzi mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaja kunitania kuhusu mpira. Nimeelewa. Wiki saba nimekuwa nikianza barua hii, nikichana.

C si Chumba. C ni Chini. J ni Juu. Baba yako hakuwahi kujiandikia jina lake popote.

Unajua sisi si ndugu wa damu; tulianza kazi wiki moja, tukalala chumba kimoja, yeye akiwa mtumishi wa shambani na mimi msaidizi wa maabara. Mimi nikapelekwa masomoni, nikarudi mtaalamu. Nilikuwa nimesoma miaka minne kuhusu batobato, ule ugonjwa wa zamani wa muhogo, na batobato huchumiwa jani changa, la tatu kutoka juu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulikuwa mgeni kwetu. Baba yako aliniambia shambani, mbele ya watu: "Mkubwa, huyu wa sasa hakai darini. Anakaa chini, kwenye majani yaliyokomaa." Nikamjibu: "Jicho, wewe ona, kufikiri niachie mimi." Watu wakacheka. Naye akacheka.

Alichuma jani la juu kama nilivyoamuru. Kisha akainama, shina kwa shina, mashina mia moja na sita, akachuma na la chini. Alileta bahasha zote mezani kwangu akasema, "Hizi za pili ni za ukipata nafasi."

Nilipima za juu. Safi. Nikaweka sahihi kwamba pingili zisambazwe. Malori yalikuwa yaondoke Alhamisi. Jumanne nikapima na za chini, nakuambia ukweli, ili nimcheke. Kwenye picha ya kipimo, jani lenye virusi huonyesha mstari unaong'aa. Nilihesabu mistari thelathini na saba.

Nilikuwa na siku mbili. Siku mbili ni nyingi mno, mwanangu. Ningeweza kutembea kwa miguu hadi penye malori nikarudi kula chakula cha mchana. Lakini mgeni rasmi alikuwa amealikwa, na mbegu ile ilikuwa ipewe jina langu. Niliiweka picha mfukoni. Alhamisi nilipunga mkono malori yakitoka.

Muhogo ule uliota vizuri, majani mabichi hadi mtu anaona fahari. Baada ya mwaka na nusu walipochimba, ndani ulikuwa kahawia, mkavu, kama kizibo cha chupa. Mama mmoja alikuja kituoni na beseni la mihogo, akaliweka juu ya makaratasi yangu, akanipa kisu: "Bwana Mtaalamu, kata mwenyewe." Nilikata kumi na miwili. Akaniuliza watoto wale nini. Nikamwambia kamati inakuja.

Kamati ilikuja. Wakauliza kwa nini kipimo hakikuona kitu. Nikasema: "Mimi niliagiza jani la chini. Aliyechuma alikuwa mvivu wa kuinama." Sentensi hiyo niliitunga pale pale, na ilipendeza, ndiyo maana ikaingia kwenye mwongozo. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alinitazama. Alingoja nicheke, kama kwamba ulikuwa utani wetu wa siku zote.

Hakuzitaja bahasha za pili. Labda alidhani sikuzipima. Labda alinionea aibu. Jumapili zote nilizokuja kwenu, nikala mezani kwenu, ukaniita Baba Mdogo, hakuniuliza hata mara moja, na mimi nilikuwa nikilala vizuri zaidi kila asipouliza.

Ulipoandika kuhusu lile sanduku, nilidanganya tena. Miaka thelathini na moja imepita, na ilinichukua dakika moja tu. Picha niliichoma zamani. Bahasha nimekuchomesha wewe.

Sikuombi msamaha. Nimeona ujue.

Baba Mdogo


3 Mei

Sina salamu.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili watoto wa mtaa walikuwa wakiniita Binti Mvivu. Siku moja nilirudi nyumbani nikamwambia Baba, "Ungeinama tu siku ile, tusingekuwa hivi." Alikuwa ametoka kupalilia mashamba ya watu, miguu ina udongo. Akacheka kidogo. Akasema, "Basi, mwanangu. Nitainama." Akapalilia miaka kumi na mmoja zaidi, hadi mgongo ukakataa kunyooka. Wewe ulikuwepo mazishini. Ulimwona fundi akipandisha mbao za jeneza ubavuni ili mfuniko ufunge. Ulishika msumari, Baba Mdogo. Nakumbuka ulishika msumari.

Jani lililobaki nimelisaga na kulipima. Limekaa miaka thelathini na moja kwenye kabati la joto. Hakuna mstari. Sasa jani limekwisha, imebaki bahasha.

Nimempelekea Mkurugenzi barua yako. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema: "Dada, hii ni barua ya nyumbani. Baba Mdogo ni nani? Kila mtu ana baba mdogo." Mwongozo mpya unakwenda kuchapwa mwisho wa Juni. Akipata tamko la aliyekuwa Mtafiti Mkuu, lenye jina kamili na sahihi, mbele ya shahidi, ukurasa wa tisa utaandikwa upya na jina la Baba litasafishwa mbele ya wafanyakazi wote. Asipolipata, utachapwa kama ulivyo, kwa miaka kumi mingine.

Kwa hiyo andika. Usiandike kwangu, andika kwao. Wala usiweke Baba Mdogo. Kamati haimjui Baba Mdogo.

Binti wa Jicho


28 Mei

Mwanangu,

Sijui kama bado naruhusiwa neno hilo. Ulivyofungua barua yako ndivyo nilivyostahili.

Mwandiko huu unatambaa, nivumilie. Muuguzi ananishikia ubao na kugeuza uso, anasema hataki kuona mzee analia juu ya wino. Tamko limo humu, kurasa mbili, limenichukua siku tisa. Sijalipamba. Malori yamo, picha imo, siku mbili zimo, na ile sentensi nimesema niliitunga mimi. Muuguzi amesaini kama shahidi.

Jana niliota nipo shambani, nachuma. Kila nikishusha mkono, shina linarefuka.

Baba Mdogo


9 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Muuguzi ameniandikia kwenye simu kwamba huli, na kwamba mkono wa kulia bado una nguvu asubuhi. Pole. Nimeandika pole na nimeiacha, sikuifuta.

Tamko limefika. Nililisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Kila kitu kimo, kama ulivyosema. Nilimkimbilia Mkurugenzi nalo. Akasoma ukurasa wa kwanza akatikisa kichwa, akasoma wa pili, akafika mwisho, akanigeuzia karatasi.

Umesaini Baba Mdogo.

Kurasa mbili nzima umeandika "mimi", na mwisho ukaweka Baba Mdogo, kama kwenye kadi zote ulizonitumia tangu nikiwa darasa la kwanza. Jina lako halimo popote. Muuguzi ameandika lake vizuri, hadi namba ya kitambulisho. Sijui kama ni mazoea ya mkono au ni moyo uliorudi nyuma mara ya tatu. Sitaki kujua. Nimechagua kuamini ni mkono.

Ningekuja mwenyewe nikushikie kalamu. Mara mbili nimekata tiketi ya basi, mara mbili nimerudi nyumbani na mkoba wangu. Bado sijaweza kukutazama usoni. Nikiweza, nitakuja.

Tamko nakurudishia, na bahasha ya kulirudisha imo, ina stempu tayari. Usiandike kingine chochote. Jina lako tu, majina yote matatu, na sahihi. Nimekuwekea alama ya kalamu nyekundu mahali penyewe. Ni chini kabisa ya ukurasa wa pili, Baba Mdogo. Inama kidogo tu.

Mwanao


(Juu ya bahasha ya barua ya mwisho, iliyorudi bila kufunguliwa tarehe 27 Juni, kwa mwandiko wa mtu wa posta: Mpokeaji amefariki. Irudishwe kwa mtumaji.)