Elieza Wawili

Jumanne.

Hifadhidata ya ushirika ni programu ya bure, kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha, na hapa Same mrekebishaji ni mimi. Niliipanga imtambue mkulima kwa jina. Nikasahau kwamba kwetu mjukuu hupewa jina la babu.

Leo Mzee Elieza ameshuka kutoka Ugweno kutuarifu kwamba mjukuu wake, aliyekuwa akilima naye kahawa, amefariki. Nikafuta jina. Wakapotea wote wawili, naye mzee anatazama.

"Samahani sana, mzee."

"Kumbe umetuzika pamoja."

Ofisini wanapunguza watu, na mimi nafanya haya...

Nikamrudisha mzee kutoka nakala ya jana, safari hii kwa namba yake ya uanachama. Akauliza taratibu, "Na yule mwingine hawezi kurudi?"