Mahindi Bila Dumuzi

Maisaka, Babati

Dada yangu, Mama Lusajo,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima naomba kuutangazia ukoo wote wa huko Tukuyu, pamoja na kuku wa Mama, kwamba mdogo wenu sasa ana tovuti. Jina lake limelipiwa, na hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kulitumia. Simameni kidogo. Haya, kaeni.

Mnaendeleaje? Goti la Mama je, linamruhusu kufika kwenye migomba? Sisi huku wazima, tunavuna.

Si unakumbuka tulivyopatana: duka langu la mifuko ya kuhifadhia nafaka lisipochangamka kufikia mavuno, nafunga, narudi nyumbani kulima shamba la bondeni. Nilijua hutanii. Ndipo nikapata wazo la tovuti. Lakini ihusu nini? Mimi nilitaka mpira, siasa, mapishi na mapenzi, vyote humo humo. Mama Upendo alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wewe, Baba Upendo? Nani akuulize wewe mambo ya mapenzi?"

Nikaitisha kikao, maana sisi jambo bila kamati haliendi. Kilikuwa kama cha harusi kabisa: mwenyekiti mimi, katibu, na soda. Kosa lilikuwa soda. Kila aliyekunywa alidai na chake kiwemo kwenye jina. Balozi wetu wa nyumba kumi akataka Maisaka. Shemeji, ndugu yake Mama Upendo, akasema basi na Nangara, kwao. Mzee Tluway, jirani yetu mkulima, akasema kanisa lisisahauliwe. Katibu aliposoma jina zima ilibidi avute pumzi katikati.

"Mwenyekiti," akasema Mama Upendo, "hilo ni jina au ni matangazo ya Jumapili? Hebu niambie, wanaokuja dukani wanakuuliza nini?"

"Dumuzi," nikasema. "Mahindi yametobolewa na wadudu hao, wafanyeje."

"Basi andika hayo hayo. Na jina liwe hilo: Mahindi Bila Dumuzi."

Ndiyo tovuti yenyewe, Dada. Inaeleza kukausha mahindi, kupepeta, kufunga mfuko usiingize hewa, na wapi mifuko inapatikana. Basi! Simu zikaanza: Kondoa, Singida, kisha kikundi cha wakulima wa Kiteto wakataka mzigo mkubwa. Juzi Mzee Tluway alinikuta nafunga marobota ya kupeleka stendi, akasema, "Siku hizi kukusalimia mpaka mtu apange foleni!"

Msalimie sana Mama. Msalimie mumeo, shemeji yangu mwalimu wa kwaya, na mdogo wetu fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea sasa inanibana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kweli, maana Mama Upendo atakupigia tu. Jina lile sikulikubali. Nilitaka tovuti iitwe Baba Upendo Mjasiriamali. Ikapigwa kura, mkono ukanyooshwa mmoja, wangu. Nikafunga kikao bila hata sala, na kesho yake nikalipia jina langu kimyakimya, na mpira wangu na mapenzi yangu humo. Likakaa wiki baada ya wiki, halifunguliwi na mtu ila mimi. Asubuhi moja nakunywa uji nimenuna, Mama Upendo akaniuliza taratibu, "Tulipie lile la kamati?" Nikaitikia kwa kichwa.

Shamba la bondeni mpe mdogo wetu alime, Dada. Mimi sirudi.

Ndugu yako akupendaye,
Baba Upendo