Lugha ya Wachuma Pamba wa Kasoli

Mwanza, 3 Juni 2024

Shangazi Lukresia,

Shikamoo, na mwangaluka kwa wote hapo Kasoli. Goti linasemaje? Mimi mzima, tena nina furaha ya kupitiliza.

Nimemaliza kazi yangu ya chuo. Ni tovuti: mtu anaandika maneno ya kawaida, anabonyeza, nayo inayageuza kuwa ile lugha uliyonifundisha nikiwa na miaka saba, mliyosemeshana mlipokuwa wasichana mkichuma pamba. Kila silabi inafuatwa na “za”. Mwanzoni ilikata maneno ovyo, ikanipa “pamzabaza”, nikahangaika wiki mbili. Sasa ukiandika pamba, inatoka “pazambaza” safi kabisa! Nimeiita Lugha ya Wachuma Pamba wa Kasoli, na jina lako liko juu. Ifungue kwenye simu ya mama Benedikta, mchumaji mwenzako.

Mwanao,
Nyamizi

Kasoli, 14 Juni 2024

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Goti ni lilelile, lakini tunachuma. Nampa barua hii kondakta wa basi, maana ujumbe wa simu hapa unasomwa na ukoo mzima.

Tuliifungua tukiwa tumekalia mafurushi ya pamba. Benedikta aliandika jina la marehemu mume wake, likarudi refu kama mkia wa ng'ombe kabla hajaondoa kidole. Tukaandika majina ya ng'ombe, la padri, la kila mtu. Benedikta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mtoto wa kwetu kaifundisha mashine kusema! Najivunia wewe mpaka naona aibu. Wabeja, asante sana.

Shangazi yako,
Lukresia

Mwanza, 22 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na jua. Maonyesho ya chuo ni tarehe 3 Agosti. Nataka usimame nami, useme lugha yenyewe mbele ya walimu. Utakuja? Na hiyo aibu ni ya nini?

Mwanao,
Nyamizi

Mwanza, 9 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Kama nimekukosea, niambie.

Nyamizi

Kasoli, 15 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea.

Zamani, vijana walikuwa wanajibanza kwenye pamba kutusikiliza. Tukatunga lugha mbili. Ya “za” tulimpa kila aliyetubembeleza tumfundishe, ili siku akiisema, tumjue kuwa ni mdakuzi. Ya kweli tuliapa kutoitoa. Wewe ulikuwa hupitishi neno bila kumpelekea bibi yako, nikakupa ya wadakuzi. Sikujua utaibeba miaka kumi na tano na kuijengea nyumba nzuri hivyo.

Nilichelewa kujibu kwa sababu siri si yangu peke yangu. Tumebaki wawili, mimi na Benedikta, nilihitaji ruhusa yake. Alikataa wiki nzima. Juzi akasema, “Mtoto aliyehangaika wiki mbili na neno moja, huyo ni mwenzetu.” Njoo kabla ya maonyesho. Ya kweli haiandikwi, inafundishwa pamba ikiwa mkononi.

Shangazi yako,
Lukresia

Mwanza, 4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo wewe, shikamoo mama Benedikta. Nilirudi Mwanza salama, vidole bado vina mikwaruzo ya vikonyo vya pamba.

Jana chumba kilijaa. Sikukulaumu kwa kubaki na goti lako. Nakiri, tangu nirudi nilitamani sana kuibadilisha programu iseme ile lugha ya kweli. Ingenichukua saa moja tu. Sikuigusa. Nilibadilisha jina peke yake: sasa inaitwa Lugha ya Wadakuzi. Watu walipanga foleni kuandika majina yao. Mwalimu mmoja aliyelijua jina la zamani akaniuliza, “Na wachumaji wenyewe walisema lugha gani?” Nikamwambia sijui. Ndio uongo wangu wa kwanza mbele ya walimu, na sijautubu.

Nilipata nafasi ya kwanza. Lakini nilipotangazwa kuna neno lilinitoka kwa sauti, lile la mwisho mlilonifundisha, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nililia pale pale, kwa kuwakosa ninyi wawili.

Mengine hayaandikwi. Jumamosi nakuja, mniachie mstari mmoja wa kuchuma.

Mwenzenu,
Nyamizi