Wamempandisha Mama Lori

Mwenzangu, nimetoka ukumbini sasa hivi. Nina hasira hata kuandika nashindwa.

Ile filamu ya kitabu changu! Si unajua kitabu kizima ni mama anatembea kwa miguu, kambeba mgongoni mdogo wangu anayeumwa, hospitali iko mbali? Kizima!

Mwongozaji kampandisha lori. LORI! Kidogo tu, huyo kafika.

Taa zilipowaka nikamvaa. "Mbona hatembei?" Eti, "Dada, mtu akitembea tu, watazamaji wanasinzia."

Wanasinzia!!

Na mama mwenyewe kakaa hapohapo pembeni yangu. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, lori lilipita kweli. Nililipungia mkono, halikusimama."

Jamaa akanigeukia mimi. Mimi nikamgeukia mama! Hilo la lori sikuliandika kwa sababu hajawahi kuniambia. Nimemhoji miaka na miaka!

Tulipofika nje nikamuuliza, karibu nalia, "Mama, kwa nini ulinificha?"

"Ungemchukia dereva bure," akasema. "Mimi mwenyewe siku ile sikupata nafasi ya kumchukia. Nilikuwa natembea."