Majamvi ya Baraza la Uani

Jumamosi usiku

Laiti ningeazima jamvi moja tu.

Mama katoka hospitali leo. Daktari alisema aote jua la asubuhi, basi kwa kimshahara changu cha ukarani nikapigilia upya mbao za baraza la uani, nikapaka chokaa kuta, nikatandika majamvi manne ya Bi Rukia, jirani yetu.

Mama alisimama mlangoni akacheka. "Mbona mengi, mwanangu? Matanga yangu umeshayaandaa?"

"Mama, usiseme hivyo!"

Akaketi juani, akafumba macho. "Pazuri. Watu watapata pa kukaa."

Jioni nikabakisha la Mama, mengine nikayarudisha. Bi Rukia hakuyapokea.

"Kaa nayo kwanza," akasema, asinitazame usoni.

Nimeyaficha uvunguni mwa kitanda changu. Sasa naogopa kulala.